Neno Ubavuni mwa Gunia

Kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa sauti ndogo, ya mswaki mkuukuu ukisugua gunia, na ilianza sebuleni kabla jogoo wa jirani hajaamua kama kumekucha. Nekoye aliisikia usingizini akadhani ni panya. Alipopapasa upande wa mumewe na kukuta shuka baridi, akajua si panya.

Alijitupia leso akatoka. Sebule yao ya pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, haikuwa sebule tena tangu jana jioni. Viti vilikuwa vimetolewa kibarazani na kufunikwa turubai, picha ya harusi ilikuwa imeshushwa ukutani, na kila mahali palijaa magunia. Yalikuwa magunia ishirini ya kahawa, kila moja kilo sitini, yaliyotoka kinuni yamechelewa, godauni likiwa limeshafungwa. Yalipaswa kulala mahali, na mahali palikuwa hapo.

Katikati yake Wabuge alipiga magoti juu ya sweta iliyokunjwa. Alikuwa ameshika kipande cha filamu ya eksirei, ile ya paja lake la mwaka alioanguka, aliyoitoboa herufi kwa wembe. Aliibandika gunia ubavuni, akachovya mswaki kwenye wino mweusi, akasugua taratibu. Alipoitoa filamu, herufi zilibaki zimesimama wima, safi, kama zimechapwa na mashine.

"Baba Linah, umelala kweli?"

"Nimelala ya kutosha. Nimefika la kumi na saba. Angalia usikanyage wino."

Nekoye alipita pembeni, akasoma gunia la karibu. Kwenye karatasi aliyomwachia mumewe jioni alikuwa ameandika KAHAWA, kisha daraja lake, AB, kisha KENYA. Gunia lilisema BUNI SAFI, AB, KENYA.

"Mbona umeandika buni?"

Wabuge alisubiri swali hilo kama mwalimu anayesubiri mkono unyooshwe. Alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mbili, na miaka mitatu ya kustaafu haikuwa imemtoa chaki vidoleni. "Kwa sababu kahawa ni kile kinywaji, Mama Linah. Ile iliyo kikombeni. Hii ambayo haijakaangwa inaitwa buni. Huwezi kupeleka kitu ng'ambo na jina ambalo si lake."

"Lakini kwetu Chesikaki, mbuni ni ile mbaya. Ile inayokaukia na ganda lake, ya kuokota chini."

"Hiyo ni mbuni, yenye m mbele. Na mbuni ni mti wenyewe. Ama ndege, yule mkubwa wa shingo ndefu. Mimi nimeandika buni. Herufi moja, tofauti kubwa." Alicheka peke yake, akachovya mswaki tena.

Neno lilimkwaruza Nekoye mahali fulani moyoni. Alitaka kusema kitu. Kisha akamtazama mumewe: nywele nyeupe zikiwa na tone la wino, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Tangu shule ilipomuaga kwa keki na blanketi, hakuwa ameuona uso huo. Miezi yote ya kufukuzia leseni ya kuuza ng'ambo, mumewe alikuwa akimbebea faili na kungoja nje ya ofisi kwenye benchi. Leo alikuwa amepata kitu cha kufanya ambacho mkewe hakukiweza.

"Imependeza," alisema. Na kweli ilikuwa imependeza.

Akaenda jikoni kuwasha jiko la chai.

*

Godauni lilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Uganda. Kontena lilikuwa limeegeshwa mlangoni, milango wazi. Lilikuwa kontena la kugawana: wauzaji wadogo watano waliungana kulilipia, kila mmoja na kona yake, na lori la kulivuta mpaka Mombasa lingeondoka Alhamisi saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Magunia ya Nekoye yalikuwa yakienda Polandi, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Kasia mwenye duka dogo la kukaanga kahawa, ambaye kwa miezi saba walikuwa wakiandikiana, Linah akimchapia mama yake barua jioni akitoka kazini kwenye duka la dawa.

Kahawa yenyewe haikuwa ya Nekoye. Ilikuwa ya wanawake tisa wa Chesikaki, kule mlimani alikozaliwa. Kila mmoja alimpa magunia yake kwa mdomo tu, akaambiwa, "Polandi wakilipa, nitakulipa." Hakuna aliyedai karatasi. Hilo ndilo lililomfanya Nekoye asilale vizuri kwa wiki nzima, kwamba hakuna aliyedai karatasi.

Marvin, kijana aliyekuwa akikagua mizigo kabla ya kupakiwa, alizunguka magunia na ubao wake wa kuandikia. Alichoma gunia moja kwa kijiko kirefu chenye ncha, akamwaga punje kiganjani, akaridhika. Kisha akasoma ubavuni. Akasoma fomu. Akasoma ubavuni tena.

"Mama, fomu yako inasema ni kahawa ya kuoshwa. Mbona magunia yanasema ni mbuni?"

"Si mbuni, ni buni."

"Ndiyo. Mbuni."

Wapakiaji wawili waliokuwa wamekalia mizani walianza kucheka. Mmoja akanyoosha mkono juu ya kichwa kama shingo ndefu. "Mathe anapeleka ndege Ulaya! Atakimbia mwenyewe, hahitaji lori!"

"Nyinyi, wacheni," alisema Marvin, ingawa naye alikuwa akibana midomo. Kisha akakumbuka kazi yake. "Mama, nisikie vizuri. Kwa biashara hii, mtu akiona buni ama mbuni, ni kitu kimoja. Ni ile ya kukaukia na ganda. Ya bei ya chini kabisa. Nikipakia hivi, huko bandarini mtu ataona gunia linasema hivi na fomu inasema vile. Watafungua kontena. Na humu kuna mizigo ya watu wengine wanne."

"Lakini umeona kwa macho yako si mbuni."

"Nimeona. Kwa macho ni nzuri sana." Alimrudishia punje kiganjani, zote, bila kumwaga hata moja. "Lakini macho yangu hayawezi kutia sahihi. Fomu na gunia zikikosana, lazima nipate ripoti ya mwonjaji wa kahawa mwenye leseni. Na maandishi yabadilishwe. Nimeshaandika kwa kitabu, siwezi kufuta."

"Mwonjaji yuko wapi?"

"Nairobi. Wiki moja, kama hakuna foleni."

Nekoye hakulia. Alisimama tu, akizikunja punje zile ndani ya ngumi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua kahawa sakafuni, Ayoo, aliinuka bila kuambiwa, akaleta kiti chake cha plastiki na kikombe cha maji, akaviweka nyuma ya Nekoye. Alirudi kukaa chini, juu ya gunia tupu.

*

Gideon alikuja kabla maji hayajaisha kikombeni. Alikuwa mnunuzi wa kahawa za daraja la chini, mtu wa kofia nzuri na viatu visivyo na vumbi, na habari zilimfikia upesi.

"Pole mama. Mimi nakuondolea mzigo hapa hapa. Leo. Pesa mkononi."

"Bei gani?"

"Bei ya mbuni. Si ndivyo imeandikwa?"

Ilikuwa karibu theluthi moja ya bei ya Kasia. Nekoye alifikiria nyuso tisa. Alimfikiria zaidi Nabwire, mkubwa wao, aliyegeuza kahawa juani kwenye meza za waya akiwa na goti limevimba, kila saa, kwa wiki mbili, kwa sababu Nekoye alisema kahawa isiyogeuzwa hunuka. Angemwambia nini Nabwire? Kwamba kazi yake ilikuwa nzuri lakini gunia lilisema vingine?

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema.

"Alhamisi nitakuwa na bei ya Alhamisi," alisema Gideon, akagusa kofia.

Wabuge alifika saa saba kwa pikipiki, amevaa koti lake la shule, kitu kizito kwapani. Linah alikuwa amempigia. Alienda moja kwa moja kwa Marvin, akafungua kile kitu. Ilikuwa kamusi, jalada limeshikwa na gundi, kurasa zimekuwa za kahawia.

"Kijana, soma hapa. Kwa sauti."

Marvin alimtazama mzee, akamtazama Nekoye, akainama akasoma. Buni, tunda la mti wa mbuni. Kahawa ambayo haijakaangwa. Alisoma polepole, kwa heshima, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Hata wapakiaji walinyamaza.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu. Ni kweli kabisa. Hujakosea." Marvin alifunga kamusi taratibu, akaipangusa vumbi la kahawa kwa mkono wa shati, akamrudishia. "Lakini Mwalimu, kamusi haiendi na kontena."

Hakukuwa na dharau katika sauti yake, na kwa sababu hiyo maneno yaliingia zaidi. Wabuge aliirudisha kamusi kwapani. Alionekana mfupi kuliko alivyoingia.

Walitembea wawili mpaka barabarani. Lori la mahindi lilipita, likawavisha vumbi, wakangoja litulie.

"Sema ni mimi," alisema Wabuge. "Uliniandikia kahawa kwa karatasi. Neno moja. Nikajifanya najua."

"Ni sisi. Niliona neno alfajiri, nikanyamaza."

"Ulinyamazia nini?"

"Ulikuwa na furaha, Baba Linah."

Wabuge alimshika mkewe kiwiko, wakavuka barabara.

*

Duka la Njeri lilikuwa kwenye kona ya mtaa wao. Nekoye aliingia na mumewe kununua mkate na kuulizwa habari. Njeri alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliacha mizani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwonjaji? Si hata tuko na mmoja hapa. Cucu Njambi, yule nyanya wa mtaa wa West Indies. Alionja kahawa maisha yake yote, kinuni huko Nyeri, kabla mwanawe amlete huku. Mwanawe akapata kazi Qatar, akamwacha na televisheni kubwa."

"Ako na leseni?"

"Kila Januari ananituma nimlipie kwa simu. Namuuliza, Cucu, ya nini na umezeeka? Ananiambia, wewe lipa." Njeri alikuwa ameshaanza kufunga duka. Saa kumi, saa ya wateja, akateremsha nusu ya mlango. "Twende. Mimi nikiwapeleka atafungua. Nyinyi atafikiri mnauza sufuria."

Njambi alifungua mlango kwa mnyororo kwanza. Alikuwa mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na meno machache yaliyopangika vizuri. Alisikiliza habari ya neno na gunia bila kucheka, akamtazama Wabuge aliyekuwa ameinamia viatu vyake.

"Wewe ndiye uliandika?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa Kiswahili uko sawa. Kwa kahawa umetukana." Akafungua mnyororo. "Ingieni. Mko na sampuli? Si ya gunia moja. Kutoka magunia yote."

Nekoye alikuwa nayo, mfuko wa kilo mbili. Kabla hawajaondoka godauni, Marvin alikuwa amemchomea magunia yote ishirini, moja baada ya lingine, bila kuombwa, akafunga mfuko na kuandika juu yake jina lake na saa.

Njambi alikaanga mwenyewe jioni hiyo, kwenye karai kavu, akikoroga kwa mwiko na kusikiliza. Hakuangalia rangi. Alisikiliza punje zikipasuka, na zilipoanza kulia aliepua mara moja, akazitandaza kwenye sinia kibarazani na kuzipepea kwa gazeti.

"Sasa zilale. Kesho saa mbili. Mje na maji ya mvua kama mko nayo, ya mfereji yako na dawa. Na vikombe viwili. Mimi niko na vitatu vinavyofanana, na nataka vitano."

"Cucu, na ada yako?"

"Kesho."

*

Maji ya mvua yalitoka kwa jirani wa Pioneer ambaye Nekoye hakuwa amewahi kumsalimia vizuri. Aliposikia ni ya nini, alijaza dumu na kulifuta mdomo kwa kitambaa safi. Vikombe viwili vilitoka dukani kwa Njeri.

Njambi alikuwa ameoga na kuvaa koti jeupe la kazi, lenye doa la kahawia mfukoni. Meza ilikuwa tupu isipokuwa vikombe vitano, kijiko kimoja cha mviringo na kopo la kutemea. Alisaga kahawa kwa mashine ya mkono, akanusa kila kikombe kikiwa kikavu, akamwaga maji ya moto, akangoja akiwa ametazama saa ya ukutani. Kisha akavunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kuzama.

Alipoonja, alivuta kwa kishindo. Fyuuup! Wabuge alishtuka kwenye kiti.

"Usiogope, Mwalimu. Ukinywa kwa adabu hupati kitu."

Kikombe cha kwanza. Fyuuup. Akatema. Cha pili. Cha tatu. Cha nne alivuta, akasimama. Akavuta tena. Akakunja paji la uso.

"Hiki kiko na kitu."

Nekoye alishika ukingo wa kiti. Nje, mtu alikuwa akipiga zulia, na kila pigo lilisikika ndani.

"Kitu gani, Cucu?"

"Nyamaza kidogo." Alivuta mara ya tatu, akanusa kikombe upande wa nje, akakiinua dirishani. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Njeri."

"Njeri anapimia nini na hiki?"

Nekoye alifikiria. Akaliona duka, rafu ya chini, debe. "Sabuni ya unga," alisema kwa sauti ndogo.

Mtu mwingine angesema basi, tumeelewa, na kuandika. Njambi hakufanya hivyo. Alikiosha kikombe kile kwa maji ya moto mara nne, akakisugua kwa majivu, akakiosha tena, akasaga kahawa nyingine, akaanza upya. Walingoja nusu saa. Hakuna aliyemharakisha.

Fyuuup.

Safari hii hakutema. Alimeza, akafumba macho.

"Sio mbuni," alisema. "Mbuni inanuka gunia na ganda, kama nguo iliyokaa kwa sanduku. Hii imeoshwa na maji ya kukimbia. Iko na ndimu kidogo, na mwisho wake inakuja kama sukari nguru." Alifungua macho, yakiwa na unyevu, labda wa mvuke. "Na kuna mtu aliigeuza juani bila kuchoka. Hii haikuachwa hata mchana mmoja. Ni nani?"

"Anaitwa Nabwire. Goti lake lilikuwa limevimba."

"Mwambie Njambi wa Nyeri amesema asante."

Akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wa kulala, akasaini, akapiga muhuri aliouhemea kwanza ili ulainike. Muhuri ulitoka nusu. Akaupiga tena.

Nekoye alifungua pochi. "Cucu, ada."

"Kwanza upakie. Gunia likienda, uniletee ada yangu Jumamosi. Sichukui pesa ya kahawa ambayo bado iko Eldoret."

*

Marvin alisoma ripoti akiwa amesimama. Aliipiga picha, akaituma, akachomeka nakala kwenye ubao.

"Ripoti iko sawa kabisa. Imebaki maandishi. Mama, magunia mapya unayo?"

Magunia mapya yalikuwa Nairobi, na ilikuwa Jumatano saa sita. Wino haukufutika kwa mafuta wala kwa sabuni, walikuwa wamejaribu nyumbani kwenye kitambaa. Kuweka rangi juu ya neno kungeonekana kama kuficha.

Ni Ayoo aliyesema, kutoka sakafuni, bila kuacha kuchambua: "Si mgeuze ndani nje?"

Wote wakamtazama.

"Gunia liko na pande mbili. Wino umeingia ndani?"

Marvin alifungua moja, akachungulia. Wino haukupenya. Wabuge alikuwa amesugua kwa uangalifu mno, wino kidogo kidogo, kama alivyowafundisha watoto wasilowanishe daftari.

Lakini kugeuza maana yake ilikuwa kufungua uzi, kumwaga kilo sitini kwenye turubai safi, kugeuza, kujaza, kupima, kushona, mara ishirini. Nekoye alivua viatu akaanza na la kwanza. Ayoo alikuja na sindano ya gunia. Wachambuzi wenzake wanne walikuwa wakila chakula cha mchana; walifunika bakuli zao, wakaja. Wale wapakiaji wawili walitazama kwa muda. Kisha yule aliyenyoosha shingo ya mbuni akanyanyua gunia la pili.

"Mathe, usibebe. Utaumia mgongo halafu utusemee kwa Mwalimu."

Wabuge alikuwa amekaa pembeni na filamu mpya. Ilikuwa nusu ya chini ya ile eksirei, goti na kipande cha muundi. Alikata herufi sita; AB na KENYA zilikuwa bado kwenye ile ya kwanza. Gunia la kwanza lilipoletwa likiwa limeshonwa, alipiga magoti, akabandika filamu, kisha akageuka.

"Marvin. Njoo usome kabla sijapaka."

"Ka-ha-wa," alisoma Marvin.

"Uko na uhakika? Hakuna mahali neno hili linamaanisha kitu kingine?"

"Mwalimu, hilo hata Polandi wanalijua."

"Basi shika hapa, isitingishike."

Marvin aliweka ubao wake chini, akachuchumaa, akaishika filamu kwa vidole viwili. Kwaru, kwaru, kwaru. Walifanya hivyo mpaka gunia la mwisho, na kijana akaondoka na kucha nyeusi.

Gunia la ishirini lilifungwa saa kumi na moja na nusu. Ayoo alifagia turubai, akakusanya punje zilizotawanyika, kama nusu kilo, akazipepeta, akamletea Nekoye kwenye mfuko wa karatasi. "Hizi ni zako," alisema. "Usiache kitu."

Alhamisi Gideon alipokuja na bei ya Alhamisi, alikuta Marvin akifunga milango ya kontena na kupiga lakiri. Alisoma gunia la mwisho kabla mlango haujakutana na mwenzake. "Haya," alisema, akagusa kofia, na safari hii aliivua kabisa.

Lori liliondoka saa sita na dakika kumi. Nekoye alimpigia Nabwire. Alimwambia habari zote, za neno, za kamusi, za kikombe cha sabuni, na mwisho akampa salamu za Njambi. 

"Amejuaje niligeuza?" aliuliza Nabwire.

"Ameonja."

*

Jumamosi walienda West Indies wawili, mguu kwa mguu, wamevaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nekoye alibeba ada ndani ya bahasha. Wabuge alibeba ile nusu kilo ya Ayoo, ambayo Nekoye alikuwa ameikaanga kwenye sufuria kwa kusikiliza, kama alivyoona.

Safari hii mlango ulifunguliwa bila mnyororo. Kwenye meza kulikuwa na vikombe vitatu, na mikate ya kupakwa siagi iliyokatwa pembe, mingi kuliko watu.

Njambi alipokea bahasha kwa mikono miwili. Hakuikataa, wala hakusema ni kidogo au nyingi. Aliinuka, akaiweka chini ya picha ya mwanawe, akaisawazisha. "Miaka sita sijapata pesa ya kijiko changu," alisema.

Nekoye akamsomea barua ya Kasia, iliyotafsiriwa na Linah. Kasia alikuwa amepokea ripoti, amefurahi, na alikuwa akiuliza sukari nguru ni nini. Njambi alicheka mpaka kitambaa kikalegea. Kisha akavuta kahawa ya Nekoye, fyuuup, akatafakari.

"Umechelewa kuepua. Kidogo tu. Lakini umesikiliza, inaonekana."

Walikaa mpaka jua likafika mlangoni. Walipoinuka, Njambi alileta kopo tupu la majani ya chai, akamimina ndani yake punje za kahawa zilizobaki, akafunika. Akabandika kipande cha plasta juu yake, akamsogezea Wabuge kopo na kalamu.

"Wewe ndiye wa mwandiko. Niandikie hapa, nisisahau."

Wabuge alifungua kalamu. Mkono ukasimama hewani. Alimtazama mkewe, akamtazama mzee, na tabasamu la aibu likamjia.

"Niandike kahawa ama buni, Mama?"

"Najua ni nini, nimeionja." Njambi aligonga plasta kwa ukucha. "Andika ni lini mnarudi."